Vituo vya Bi Avis

Ukipanda basi letu la shule kwa mara ya kwanza, Bi Avis Odling hakuulizi jina lako. Anakuuliza unatoka wapi, halafu anakuonyesha upande wa kukaa. Kama kijiji chako kinaishia na "by" au "thorpe", unakaa kushoto. Kama kinaishia na "ton", "ham", "ley" au "wick", unakaa kulia. Kushoto ni Wadenmaki, kulia ni Waingereza, na ugomvi ambao ulimwengu mzima umeshausahau kwa miaka elfu moja bado unaendelea ndani ya basi lile.

"Nyinyi mlikuja na mashoka," wa kulia hutuambia.

"Na nyinyi mlikuja na nini, mashada ya maua?"

Bi Avis hututazama kupitia kioo chake kirefu. "Wote mlikuja na mashua, na wote mliwakuta wenyewe. Hebu kaeni nitie gia."

Mimi ni wa kushoto. Natoka Skelderby Ndogo, huku kwenye vilima vya Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, na Bi Avis ni jirani yetu, nyumba ya pili ukitokea kwetu. Ni mwanamke mfupi, mabega kama ya muuza nyama, nywele anazikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni na inaonekana. Ameendesha basi hili tangu kabla sijazaliwa. Akishatushusha shuleni halirudishi basi moja kwa moja; huegesha chini ya ukuta, akafungua chupa yake ya chai na mkate wake wa jibini na kitunguu cha siki, akasoma. Ndiko alikopata mambo ya majina, na alichokipata hakumnyima mtu.

Kutoka kwake nilijua kwamba "by" ni makazi, kwa lugha ya Wadenmaki wa zamani, na kwamba mara nyingi mbele yake kuna mtu. Grimsby ni kwa Grim. Skelderby yetu ni kwa Skelder, yeyote aliyekuwa. "Ton" ni shamba lenye uzio. "Ham" ni nyumbani. "Ley" ni mahali palipofyekwa msituni, na ndiyo maana ukiyaona majina ya "ley" yamesongamana kwenye ramani, hata kama leo hakuna mti, ujue hapo palikuwa giza la msitu. "Wick" ni shamba la kazi moja maalumu. Kule Butterwick walikuwa watu wa siagi. Oxford, mji wa wasomi wanaojisikia, ni mahali ambapo ng'ombe dume walivukia maji.

Kabla ya hapo nilidhani majina ya mahali ni sauti tu, kama mlio wa kengele. Sasa siwezi kupita kibao cha barabarani bila kusimama. Naona mtu amesimama palepale, matope magotini, amechoka, anamwambia mwenzake: huyu anakaa hapa. Hapa panavukika. Hapa tumeshafyeka. Na yule mwenzake akamwambia mwingine, na mwingine mwingine, mpaka likanifikia mimi kwenye kiti cha basi nikiwa sijamaliza hesabu za nyumbani.

Jambo la pili unalopaswa kujua kuhusu Bi Avis ni kwamba haruki kituo. Haijalishi kama kuna mtu au hakuna. Anasimama, anafungua mlango, analitaja jina la mahali kwa sauti, anasubiri kidogo, anafunga. Siku za theluji, tukiwa tunatetemeka na tumechelewa, wakubwa wa nyuma walikuwa wakipiga kelele.

"Bi Avis, hakuna mtu."

"Naona."

"Sasa tunasimama kwa nini?"

"Kwa sababu kituo kipo."

Kituo kilichotuudhi zaidi ni Tokethorpe. "Thorpe" ni kijiji cha pembeni, mtoto aliyetoka kwa mama akaenda kujijengea mbali kidogo, na wengi wa watoto hao hawakukua. Tokethorpe kumebaki nyumba moja na bata bukini wengi wenye hasira. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtoto wa shule pale, na mlango ulifunguliwa kila asubuhi kwa ajili ya bata. Halafu mwaka huu akapanda Rufus, ana miaka mitano, mkoba umemzidi kimo. Siku ya kwanza Bi Avis alifungua mlango akasema, "Tokethorpe," na yule mtoto, akidhani anaitwa kwenye mahudhurio, akajibu kwa sauti kubwa, "Nipo."

Basi zima likacheka. Kesho yake akajibu hivyohivyo. Mpaka leo anajibu.

Sasa niseme habari ya kamba.

Skelderby ni mbili, na kijito kinapita katikati. Vijiji pacha vya namna hii vimejaa nchi nzima: Kubwa na Ndogo, Juu na Chini, Mashariki na Magharibi. Kwingine jina likishakaa limekaa, hata kama Ndogo imeota maduka na Kubwa imebaki na zizi. Kwetu ukubwa unavutwa. Kila mwaka, Jumatatu ya sikukuu ya mwisho wa Mei, watu wanane wa upande huu na wanane wa upande ule wanashika kamba juu ya kijito. Wanaoingia majini ni Ndogo mpaka Mei nyingine. Wanaobaki wakavu ni Kubwa, na kama walikuwa Ndogo, jioni hiyohiyo vibao vinabebwa kuvuka daraja.

"Mimi nilizaliwa Skelderby Kubwa," Bi Avis hupenda kusema, "nikaanza shule Skelderby Ndogo, nikavunja ndoa Skelderby Kubwa, na kitanda sijahamisha."

Lakini vibao havijavuka daraja tangu nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Upande wetu tuna nyumba zaidi ya mia, duka, shule ya watoto na baa ya Nev, ambaye ni mdogo wake Bi Avis. Upande wa pili wana kanisa na nyumba tano. Tatizo ni kwamba nyumba zote tano ni za ukoo wa Leggate, na akina Leggate ni wafugaji wa kondoo. Mtu ambaye tangu utoto anabeba kondoo dume chini ya kwapa, kamba utamwambia nini? Sisi ni watu wa ofisini na wa kuendesha magari. Mei baada ya Mei tunaingia majini kama bata, na Bi Avis, ambaye ndiye nahodha wetu, anaingia nasi na viatu vyake vya kazi, kwa sababu anasema nahodha haoni haya kuingia maji yaliyowalowesha watu wake.

Mwezi wa pili mwaka huu kukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa kijiji. Akaja kijana wa halmashauri, mpole, amevaa tai. Akasema mambo ya kupokezana jina yamefika mwisho, na kila mtu ukumbini alijua kwa nini. Mwezi wa kumi na mbili Mzee Sowerby wa upande wetu alianguka jikoni akavunjika nyonga. Akapiga simu, akasema yuko Skelderby Ndogo. Gari la wagonjwa likaenda ng'ambo, kwa sababu ramani yao ilichorwa enzi ambazo sisi tulikuwa Kubwa.

"Nililala chini ya meza," Mzee Sowerby akasimama na fimbo yake kusema. "Nikaziangalia chingamu ambazo wanangu walibandika kule chini miaka ya sabini. Nzuri sana, lakini baada ya saa nzima unazichoka."

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia Bi Avis. Nilitegemea Bi Avis angepinga. Hakuna mtu kijijini anayeyapenda majina kuliko yeye, na hakuna anayeipenda kamba kuliko yeye. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

"Jina lisilokufikisha si jina," akasema. "Yawekwe, yasihame tena. Ila mtupe Mei moja ya mwisho. Atakayeshinda ndiye Kubwa, moja kwa moja."

Kijana wa halmashauri akatazama karatasi zake, akatazama mabega ya akina Leggate, akasema sawa.

Hivyo ndivyo tulivyobaki na mvuto mmoja tu. Tukishinda, Kubwa milele. Tukishindwa, Ndogo milele, sisi na watoto wetu na wajukuu. Kijiji kizima kilisema hivyo kwa mzaha, lakini Bi Avis hakuwa na mzaha. Niliketi naye kwenye ngazi ya mlango wa basi jioni moja, akifuta tope kwenye vioo vya taa.

"Unajua mimi nataka nini?" akaniambia. "Kituo changu cha mwisho jioni ni hapa. Nimemfungulia mlango kila mtu kwenye kila jina. Nataka nifike mwisho wa safari, nizime injini, niseme 'Skelderby Kubwa', halafu nishuke niende kunywa chai kwangu. Mara moja. Zaidi ya hapo sina shida."

Ndipo akakumbuka mtaro. Majira ya baridi basi lilikuwa limeteleza karibu na Grindelby, gurudumu la nyuma likazama mtaroni. Tulishuka wote kusukuma, kila mmoja kwa wakati wake, basi likacheka tu. Bi Avis akaweka kichwa dirishani akaanza kutaja vituo, kwa vile hakujua wimbo ambao sisi tungeujua. Thrunby. Ulmerby. Grindelby. Majina ya kwetu mengi yana mwendo mmoja: uzito uko mbele, kisha yanashuka, kama mtu anayetua gunia. Tukajikuta tunasukuma kwenye ule uzito na kupumua kwenye "by". Basi likatoka.

"Sasa basi lile lilikuwa jepesi kuliko Wilf Leggate?" Bi Avis akauliza, akimtaja mkubwa wa ukoo wa ng'ambo.

Tukafanya mazoezi nyuma ya baa, kamba imefungwa kwenye trekta bovu. Mimi niliingia kwenye timu kwa sababu nina mikono mirefu na hakukuwa na mwingine. Nev alikaa nyuma kabisa, kamba imemzunguka kiunoni, maana ni mtu wa kilo nyingi na anazijua. Bi Avis alisimama pembeni akitaja. Kila siku kwa mpangilio uleule wa safari: Thrunby, Ulmerby, Grindelby, Haxthorpe, Tokethorpe, Marlton, Ashwick, halafu tunaanza upya. Skelderby mbili aliziacha, akasema hizo ndizo zinazogombaniwa. Wiki ya tatu trekta likasogea. Nev alilia, ingawa anakataa.

Siku yenyewe ilikuwa na jua la kutiliwa shaka. Watu walijaa kingo zote mbili na viti vya kukunja na chipsi kwenye karatasi. Wilf Leggate alivuka daraja kuja kumpa Bi Avis mkono, nyuma yake wanawe watano kama ukuta.

"Umekuja na taulo, Bi Avis?"

"Nimekuja nazo nane. Za kwenu."

"Wee. Na huyu mtoto mmempa kamba?" Alikuwa ananionyesha mimi.

"Huyo ndiye tunayemficha," Nev akasema. "Muogope."

Kijito chetu si kipana, lakini maji yake hufika kiunoni na yanatoka chini ya ardhi, baridi ya mwaka mzima. Daraja la miguu liko hatua chache upande yanakotoka maji, na pale darajani nilimwona Rufus, amepanda ubao wa kwanza wa ukingo, mama yake amemshika kola.

Kamba ikakaza. Bi Avis akaanza.

"Thrunby."

Sijui niieleze vipi. Watu wanane tukawa mgongo mmoja. Kitambaa chekundu kilichofungwa katikati ya kamba kikaja kwetu kiasi cha kiatu. "Ulmerby." Kiatu kingine. Upande wa pili nikaona macho ya mwana wa kwanza wa Leggate yamemtoka. "Grindelby." "Haxthorpe." Upande wetu ukaanza kunguruma. "Tokethorpe," akasema Bi Avis, na kutoka darajani ikaja sauti nyembamba: "Nipo."

Kingo zote mbili zikacheka. Marlton. Ashwick. Wilf alikuwa na buti la kushoto ukingoni kabisa, udongo unamomonyoka. Nilijiambia, basi, sisi ni Kubwa.

Tukaanza upya, na hapo kitu kikabadilika. "Thrunby," tukavuta, na kitambaa hakikuja. "Ulmerby." Hakikuja. Kamba ilikuwa imesimama angani inatetemeka kama waya wa umeme. Nikainua macho nikaona wana wa Leggate, wote watano, wanarudisha vichwa nyuma kwa pamoja kwenye uzito wa jina, na wanapumua kwenye "by". Hawakuwa wamepanga. Wote walikua ndani ya basi lile. Kila asubuhi ya utoto wao walisikia sauti ileile ikitaja majina yaleyale kwa mpangilio uleule, na sasa miili yao ilikuwa imeikumbuka. Bi Avis alikuwa anazivuta timu zote mbili.

Na wao wakiwa pamoja, ni wazito kuliko sisi. "Grindelby," akasema, na kitambaa kikaenda kwao.

"Dada," Nev akanguruma kwa meno yaliyobana. "Wamekunasa. Wanajua linalofuata."

"Naona."

"Ruka kituo. Toka Haxthorpe uende Marlton, haraka, wao watakuwa wanaisubiri Tokethorpe. Watachelewa pumzi moja. Pumzi moja inatutosha."

Bi Avis alikuwa karibu yangu, nilimsikia. Alisema, "Haya."

Neno likapita kwenye kamba kutoka nyuma hadi mbele, mdomo kwa kisogo: hakuna Tokethorpe, baada ya Haxthorpe ni Marlton, inakuja upesi. Ilikuwa akili sana. Wangejiandaa kwa wakati mmoja, sisi tungekuja kwa wakati mwingine, na kama ukimvuta Leggate wakati anavuta pumzi, naye ni mtu tu. Nilichimba visigino. Niliusubiri mdomo wa Bi Avis kuliko nilivyowahi kusubiri kitu.

"Haxthorpe."

Nikamwona akifungua mdomo. Nikamwona pia anatazama darajani. Rufus alikuwa amepanda ubao wa pili wa ukingo, kifua amekijaza hewa, mashavu yamevimba, anangoja.

"Tokethorpe," akasema Bi Avis.

Sisi tulikuwa tumeshavuta. Tulivuta mapema, kwenye nafasi ambayo haikuwa na jina, na jina lilipokuja sisi ndio tuliokuwa tunapumua. Akina Leggate walikuja kwa wakati, wote wanane, kama mlango wa zizi unaofungwa na upepo. Nikasikia "Nipo" kwa mbali, halafu maji yakaniingia masikioni.

Nilipoinuka Bi Avis alikuwa ameshaingia kijitoni kwa miguu yake mwenyewe, amesimama katikati na viatu vyake, anamvuta Nev kwa kwapa. Ng'ambo walikuwa wanarusha kofia. Nev alitema maji, akamtazama dada yake.

Nev alisema yake baadaye, baani, akiwa anamimina bia na shati linadondosha maji sakafuni.

"Ulisema haya, dada."

"Nilisema."

"Mbele ya kamba nzima. Umesema haya, halafu umetuzamisha."

"Nimewazamisha, kweli. Nisameheni." Alituangalia mmoja mmoja, na mimi pia, kama mtu mzima. "Nilikusudia kuruka. Mdomo ulifika pale ukakataa."

"Ukakataa kwa nini? Kwa kituo cha nyumba moja na bata?"

"Skelder naye alikuwa na nyumba moja, Nev."

"Skelder alishakufa."

"Ndiyo. Na leo umelowa kwa ajili yake."

Mtu mmoja akacheka, akaacha alipoona Nev hacheki. Nev aliweka glasi mezani kwa nguvu. "Tungekuwa Kubwa. Milele. Kwa pumzi moja." Kisha akaingia stoo na hakutoka.

Wenzangu kwenye timu hawakukubaliana. Mmoja alisema mtoto angesahau kufikia wakati wa chai. Mwingine alisema yeye mwenyewe alitoka kijiji cha "thorpe", na basi la kwao lilipoacha kusimama, baada ya miaka miwili hata kibao kiliondolewa, na sasa akitaja kwao watu wanamuuliza ni wapi. Mzee Sowerby alikuwa kwenye kona yake karibu na moto, akagonga sakafu kwa fimbo.

"Mimi niiteni mnavyotaka," akasema. "Ilimradi wanikute."

Wilf Leggate akaja, mkavu, akaweka bia mbele ya Bi Avis.

"Vijana wanasema hawakufanya ujanja wowote. Ulipotaja Thrunby mara ya pili, miguu ilivuta yenyewe."

"Waambie nimefurahi. Nilidhani walikuwa wanalala safari nzima."

"Walikuwa wanalala. Ndiyo maana wanaogopa."

Bi Avis alicheka mpaka akashika meza. Lakini niliporudi naye nyumbani hakucheka. Alitembea polepole, viatu vinalia maji. Nilimuuliza kama anajuta. Nilikuwa nataka aseme hapana, ili hadithi iwe nzuri.

"Sana," akasema. "Nililitaka jina lile, mwanangu. Usifikiri sikulitaka." Akatoa funguo. "Lakini yule mtoto alikuwa ameshavuta hewa."

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile. Watu wanaoyapenda majina ya mahali ni wengi. Wapo wanaoyakusanya kama stempu. Bi Avis anayapenda kwa namna ambayo ilimgharimu alichokitaka kuliko vyote, na kibaya zaidi, ilitugharimu na sisi, naye alilijua hilo na hakulificha. Sijui kama mimi ningeweza. Ningeruka, nadhani. Ningeruka na ningeshinda, na ningelala vizuri, na ndiyo maana namshangaa.

Wiki ya likizo ikapita. Jumatatu ya kwanza ya shule akafungua mlango ng'ambo ya kijito. Watoto wa ukoo wa Leggate, wale wadogo, walikuwa wamejipanga kituoni na vicheko tayari. Bi Avis akasema, "Skelderby Kubwa," kwa sauti kamili, uzito wote mahali pake, bila kulibana hata kidogo. Wale watoto wakameza vicheko vyao. Wakapanda, wakaenda kukaa kushoto.

Mafundi wa halmashauri walikuja mwezi wa sita na vibao vipya vya chuma, nguzo zake za kumwagiwa zege. Walikifunga cha kwetu mlangoni mwa kijiji, wakapanda gari wakaondoka kula. Bi Avis alikuwa ametoka kuegesha basi. Alisimama barabarani, mikono kiunoni, anakitazama. Mimi nilikuwa nyuma yake na begi langu. Skelderby Ndogo. Kilikuwa kimeinama kidogo kulia.

Nev akatokea baani. Hakuwa amezungumza na dada yake tangu siku ya kamba, zaidi ya kumwambia bei ya chipsi. Alikuwa na pima maji ya fundi mkononi na beleshi begani. Akakizunguka kibao, akaegemeza pima maji kwenye nguzo, akakunja uso.

"Kama ni ya milele," akasema, akiongea na nguzo, "basi isimame wima."

"Zege bado bichi," akasema Bi Avis.

"Naliona." Akachimba beleshi kwenye udongo pembeni. "Umeninyima Kubwa, dada."

"Nimekunyima."

"Sijakusamehe."

"Sawa."

"Njoo ushike hapa, basi. Sukuma kuelekea nyumbani kwako. Taratibu. Bado. Bado kidogo."

Bi Avis akaweka bega lake kwenye nguzo, akasukuma.